Tantine wa Kuazimwa

Siku hizo pale Kamembe, mpakani mwa Rwanda na Congo, ukiwa na harusi na huna shangazi, ulikwenda kuazima mmoja, kama unavyoazima sufuria kubwa na viti vya kanisa. Na shangazi wa kuazimwa alikuwa mmoja tu. Alikuwa na kilo mia moja na thelathini, tena nikisema hivyo nampunguzia, kwa sababu balansi ya duka la mahindi iliishia hapo na sindano yake ilikuwa bado inataka kuendelea na safari. Mtaa mzima ulimwita Tantine, yaani shangazi kwa Kifaransa. Bila shaka wazazi wake walimpa jina jingine, lakini sikuwahi kumsikia mtu akilitumia, na mimi sitaanza leo.

Msomaji asicheke haraka. Sisi tuliokulia Congo tukarudi baada ya vita, tulirudi nusu nusu. Na waliokuwa wamebaki hapa, wao pia walikuwa nusu. Ungemkuta kijana ana babu lakini hana baba, au ana baba mdogo mmoja na picha tatu. Lakini gusaba, ile siku ya kwenda kuposa, haikuwa na habari hiyo. Gusaba ilitaka mistari miwili ya viti inayotazamana, upande wa kijana na upande wa binti. Ilitaka wasemaji wawili wa kudanganyana kwa heshima kuhusu ng'ombe. Na ilitaka mstari wa mbele uwe na shangazi aliyejaa kiti. Ukimweka mbele mama aliyekonda, wa ng'ambo ya pili walianza kuhesabu wagonjwa wenu kimoyomoyo. Ukimweka Tantine, walihesabu mashamba.

Basi kila Jumamosi alikuwa shangazi wa mtu. Kuna Jumamosi alikuwa shangazi wa kijana asubuhi hapa hapa Kamembe, na mchana akawa shangazi wa binti kule Nyakabuye. Kufika huko alipanda moto, yaani pikipiki, na yule dereva aliniapia kwamba tangu siku ile gurudumu lake la nyuma lina umbo la yai. Kule Nyakabuye uchovu ulimchanganya. Msemaji wa upande wa kijana aliposimama kuomba binti, Tantine akaitikia kwa sauti kubwa kwamba ndiyo, sisi wa upande wa kijana tumekuja na moyo mweupe. Uwanja mzima ukamgeukia. Yeye hakutetereka. Akawaambia kwamba binti akiposwa vizuri hivi, hata shangazi yake anatamani kuhamia kwa wakwe. Wakampigia makofi, na nasikia mahari iliongezwa ndama.

Malipo yake yalikuwa nyama iliyofungwa katika jani la mgomba, na fanta moja. Nyama hakuila pale. Katika miaka yote niliyomjua sikuwahi kumwona akitia kitu mdomoni mbele ya watu, huyu mwanamke ambaye ukimtazama ungedhani anakula tangu Noa ashuke safinani. Nilipomuuliza alinijibu kama mwalimu anayerudia somo kwa mara ya kumi.

"Muntu munene hakulaka mbele ya batu. Akikula, banasema ni tumbo. Asipokula, banasema ni mali."

Nilikuwa jirani yake, nimepanga chumba nyuma ya chake. Mchana nilipakia saruji katika depo moja, jioni nilikwenda shule ya watu wazima, ile ambapo baba wa watoto sita anasimama kusoma sauti za herufi na mkewe yuko dawati la nyuma anamcheka. Nilihitimu, cheti ninacho, kimefungwa kioo. Nasema hivyo ili mjue kwamba haya ninayoandika yanaandikwa na mtu mwenye cheti.

Kitu cha ajabu kwa Tantine ni kwamba kazi yake ilikuwa kukaa, na kukaa ndiko kulikomshinda. Asubuhi yuko sokoni Kamembe anachagua nyanya zilizopanda kutoka Bugarama. Saa tano yuko Bukavu, ng'ambo ya daraja la mpakani, anaziuza. Saa saba amerudi analalamika kwamba Bukavu kuna joto. Saa nane amekumbuka kwamba kuna kitu amekisahau Bukavu. Miaka ile ya vita ya ng'ambo mpaka ulikuwa ukifungwa na kufunguliwa kama mlango wa baa, na siku za kufungwa yeye alishuka vilevile hadi karibu na daraja ili aone umefungwa vipi. Hata katika gusaba, juu alikuwa mlima, mikono imetulia, kichwa kimetulia, lakini chini ya kitenge mguu wake wa kulia ulikuwa unatikisika bila kupumzika. Ukikaa karibu naye ulisikia benchi linatetemeka, ukadhani kuna lori linapita.

Hapo mpakani alikuwa na vita yake. Wote mnajua kazi waliyoifanya mama zetu pale: asubuhi mwanamke anavuka amekonda kama ufito, mchana anarudi amenenepa, vitenge sita vimezungushwa mwilini chini ya gauni, anatembea kama bata. Kwa hiyo wale wa forodha walikuwa hawaamini unene wowote. Mama mmoja wa forodha alimshuku Tantine kila siku iliyotoka kwa Mungu. Kila siku alimpeleka nyuma ya pazia, akamfungua, akamkuta Tantine. Siku moja Tantine alichoka, akamwambia mbele ya foleni nzima:

"Hii yote ni yangu, maman. Nilitoka nayo Rwanda, narudisha Rwanda. Kama unataka kuitoza ushuru, andika, lakini uandike kilo zote."

Foleni ilicheka mpaka wanajeshi wa upande wa pili wakasogea kuuliza kama kuna shida.

Sasa niseme jambo ambalo mtaa haukulijua. Tantine hakuwa na kitu. Nasema hakuwa na kitu. Chumba kimoja, bati lenye matundu ya kutosha kusomea nyota, godoro jembamba kuliko blanketi lililolifunika. Lakini mtaa uliamini kwamba mtu mwenye mwili kama ule lazima ana nyumba Bukavu na nyingine Cyangugu chini karibu na ziwa. Wezi nao waliamini. Wakavunja mlango siku moja akiwa ng'ambo, wakapekua, na wakaondoka wakiwa wamesahau sweta yao, kwa hiyo wizi ule ulimwongezea mali. Aliitumia miaka mitatu kufunikia sufuria ya maharagwe.

Nilipofika kumpa pole alinivuta ndani na kufunga mlango, yaani kuusimamisha, maana ulikuwa umeng'oka.

"Usiambie muntu kama hawakupata kitu," akasema. "Sema baliiba mingi. Sema hata mimi sijui hesabu."

Nikasema. Na kwa kuwa mimi nikisema kitu sikisemi kidogo, kufikia jioni wezi walikuwa wamebeba radio tatu, cherehani na gunia la pesa za Wazungu. Wakulima wa Bugarama waliosikia habari hiyo walizidi kumwekea nyanya nzuri, kwani mtu aliyeibiwa vile na bado anatembea, mtaji wake hauna mwisho.

Ndiyo siku niliyomuuliza mwili huu basi umetoka wapi, kama si mali. Alikuwa anazunguka chumba, anaokota, anarudisha.

"Ilikuwaka mali," akasema. "Zamani, kule. Mali ilienda. Ila mwili haukupata barua. Mwili unaletaka habari ya zamani, mutoto yangu. Siku utapata hiyo barua, mutaniona."

Kwa nadharia hiyo aliwasoma watu wote. Wakati ule wa vita kulikuwa na wanaume walionenepa ghafla. Juzi tulikuwa nao kwenye foleni ya maji, leo wanashuka kwenye gari wakitanguliwa na tumbo. Sisi tuliwasalimia kwa mikono miwili. Tantine alikuwa akitazama shingo. Shingo ikiwa imenenepa lakini mikono bado ni ile ile ya foleni ya maji, alisema: "Huyo ni kama mimi. Anaazima." Na mara nyingi baada ya msimu mmoja au miwili, tumbo lile lilikuwa limerudi kwa mwenyewe. Kinyume chake, kulikuwa na mzee mmoja muuza chumvi, mkavu kama fimbo, ambaye Tantine alimwinamia kila akipita. Mzee huyo ndiye aliyejenga ghorofa ya kwanza katika mtaa wetu, na mpaka leo haina rangi.

Ungedhani mtu mwenye akili hiyo angewafundisha watu waache upuuzi wa kupima utu kwa kilo. Thubutu. Yeye ndiye alikuwa wa kwanza kuniambia kwamba na mwili wangu ule wa sindano nisijaribu kwenda kuomba kazi benki. "Muntu mukonde, hata akisema ukweli, banangojea shahidi." Alinilazimisha kunywa uji wa soya. Kila asubuhi alinigongea ukuta kuuliza nimemaliza. Nilikunywa soya ya kutosha kuilisha brigedi, sikuongezeka hata gramu, na yeye alilichukulia jambo hilo kama tusi la kibinafsi.

Baadaye nilihamia upande wa juu, karibu na shule, na mambo yakanichukua. Depo, masomo, na binti mmoja wa Nkungu aliyekuwa anauza mayai sokoni, ambaye mimi nilinunua mayai kwake mpaka wenzangu wakadhani nimefungua kiwanda cha keki. Tukaelewana. Ikabaki baba yake.

Baba yake alikuwa mkulima, lakini alifanya kazi Bukavu miaka mingi, Kiswahili alikuwa nacho, na alikuwa nacho kikali. Nilipokwenda kujitambulisha alinitazama kuanzia viatuni, akachukua muda mfupi sana kufika juu, kwa sababu njiani hakukuwa na kitu cha kumchelewesha.

"Kwenu munakulaka?" akauliza.

Nikasema tunakula.

"Mi siwezi kupeleka mutoto yangu mahali sufuria inalalaka kichwa chini. Lete batu ya kwenu, nibaone. Jumamosi. Nikiona ni wewe tu, basi, urudi na mayai yako."

Watu wa kwetu. Watu wa kwetu walikuwa baba mdogo mmoja, ambaye ukimweka kando yangu tunafanana na namba kumi na moja. Sikulala vizuri siku mbili. Siku ya tatu nikashuka kwa Tantine, karibu mwaka mzima bila kumwona, na aibu yangu mkononi pamoja na kilo ya sukari.

Nikagonga. Aliyefungua mlango nilimwamkia vizuri, nikamuuliza Tantine yuko wapi.

Akanitazama tu. Halafu akachukua ile sukari, akaitazama nayo, akaniambia niirudishe nyumbani. Nikamjua kwa sauti.

Nisamehewe, hapa siwezi kuongeza chumvi, kwa sababu hakukuwa na mahali pa kuiweka. Mabega yalikuwa yametokeza. Ngozi ya mikono ilining'inia kama nguo iliyoanikwa ikiwa bado na maji. Mpaka ulikuwa umefungwa siku nyingi mfululizo, nyanya ziliozea ndani, na ugonjwa nao haukungoja mpaka ufunguliwe.

"Barua ilifika," akasema. "Daktari anasema ni sukari. Mutaa, kama ikiniona, itasema ni ile ingine. Ndiyo maana sitokake tena."

Yule mama ambaye Bukavu na Kamembe zilikuwa kama vyumba viwili vya nyumba yake, sasa alikuwa anatembea kutoka kitandani mpaka mlangoni, mlangoni mpaka kitandani. Sakafu ya udongo ilikuwa imefanya njia. Majirani wawili ndio waliokuwa wanamletea chakula kwa siri. Alijua hesabu yake vizuri: siku watu watakapomwona hivi, hakuna mkulima atakayemwekea tena nyanya, na hakuna mwenye harusi atakayegonga mlango. Nikaanza kusema nilikuja kumsalimia tu.

"Umekuja kuazima kilo," akanikata. "Ni lini?"

Nikasema Jumamosi, Nkungu, lakini aache, nitatafuta njia nyingine.

"Njia gani? Uko na shangazi mwingine?"

Sikuwa naye.

"Basi Jumamosi. Gari ipite hapa mapema, isimame karibu na mlango."

Jumamosi minibus ikasimama karibu na mlango. Mlango ukafunguliwa, na Tantine akatoka. Yule wa zamani. Kilo mia moja na thelathini, na sindano inataka kuendelea. Nyuma yake walikuwa wanawake wa mtaa, walioitwa na wale majirani wawili, wauza samaki, wauza mkaa, wale wale wa kuvuka wamekonda na kurudi wamenenepa, nyuso zao zimetulia kama za wazee wa kanisa. Kumi na mmoja niliwahesabu. Kila mmoja alikuwa amekopesha kitenge chake cha heshima, na kazi ya kuvifunga walikuwa wanaijua kuliko sala. Kilemba kilishuka mpaka mashavuni. Kidevu alikiinamisha ili viwe viwili. Ilibidi tumwingize garini kwa mgongo kama kabati.

Kule Nkungu tulikaa. Jua lilikuwa la kuivisha mihogo ikiwa bado shambani. Msemaji wetu alitaja ng'ombe ambao sijawahi kuwaona, msemaji wao akawadharau, tukaombana radhi, yote kama kawaida. Mimi nilikuwa namwangalia Tantine tu. Jasho lilimtiririka kutoka chini ya kilemba, naye hakulifuta. Na kitu kingine kilinitisha zaidi: mguu wa kulia ulikuwa umetulia. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa amekaa kweli, kwa sababu akitikisika, kitu kitalegea.

Mzee wa Nkungu alikuwa anamtazama pia. Alimtazama muda mrefu, jinsi mtu anavyomtazama ng'ombe wa jirani. Kisha akamgeukia mke wake akamwambia kitu, na mama mkwe akasimama, akavuka uwanja, akaja kumsalimia shangazi yetu.

Na salamu ya kwetu mnaijua. Si ya mkono. Ni ya kukumbatia, mikono ikimshika mtu mabegani, ikishuka mbavuni, taratibu, bila haraka. Mama mkwe wangu alikuwa mwanamke wa miaka mingi ya mpaka. Alizungusha mikono yake, ikashuka, na ikasimama. Nikaiona ikisimama. Moyo wangu ulipiga mara elfu mbili pale pale, nilizihesabu. Wamekumbatiana hivyo, vichwa karibu karibu, midomo ya mama mkwe ikicheza sikioni. Baba mdogo akaanza kuvuta koti lake kama mtu anayejiandaa kwa safari.

Kisha mama yule akajitoa, akabaki amemshika Tantine mikono yote miwili, akamwambia mume wake kwa sauti ya uwanja mzima:

"Mzee, nimemushika. Ni muzito. Hii familia iko na batu."

Mzee akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepoteza kesi aliyoipenda.

"Balete pombe," akasema.

Ndiyo hivyo nilivyopata mke. Wakati wa kurudi nilimuuliza Tantine, pale garini, mama yule alimnong'oneza nini muda wote ule. Akasema: "Aliniambia kuna pini inatoka nyuma, nisiiname." Na hakusema zaidi, maana kupumua kulikuwa kazi.

Tulifika mtaani jua likiwa bado juu ya ziwa. Wanawake wote kumi na mmoja walikuwa wanangoja uani, wamekaa kwenye ndoo zilizogeuzwa. Hakuna aliyepiga vigelegele. Wakamsimamisha katikati wakaanza kumfungua, na kila kitenge kilipotoka, mwenyewe alikipokea, akakikung'uta, akakikunja, akakiweka begani. Kile cha muuza mkaa. Kile cha muuza samaki, ambacho mwenyewe alikinusa akasema sasa kinanuka harusi, wakacheka kidogo. Kila mmoja alichukua sehemu yake ya shangazi yangu, na shangazi yangu akapungua mbele ya macho yangu mpaka akabaki na gauni lake la zamani la maua, limemzunguka kama pazia kwenye nguzo. Watu waliokuwa wanapita njiani walimwona. Yeye pia aliona kwamba wamemwona. Mmoja alisimama kabisa.

Tantine akamsalimia, akamuuliza habari za nyumbani kwake. Halafu akageuka akaniuliza ile nyama yake iko wapi.

Nikampa, ikiwa katika jani la mgomba, kama malipo yake ya siku zote. Nilidhani ataiingiza ndani. Akavuta ndoo moja iliyogeuzwa, akaketi pale pale uani, akafungua jani mapajani.

"Tantine," nikamwambia, "batu banaona."

"Baone," akasema, akiwa tayari anatafuna. "Mi si munene tena. Naweza kula."

Akala. Alikula yote, akavunja mfupa, akafyonza ndani yake kwa sauti, akalamba vidole kimoja baada ya kingine, wale wanawake wamesimama na vitenge vyao begani wakimtazama kama watu wanaoangalia mvua iliyochelewa. Akauliza kama hakuna ugali. Mmoja akakimbia kuuleta. Na alipokuwa akiungoja, macho kwenye barabara inayoshuka kwenda kwenye daraja, nikaona chini ya lile gauni mguu wa kulia umeanza tena kutikisika.